Nani Mwenye Kauli Zanzibar? Jinsi Serikali ya Visiwani Ilivyopangwa

Tuchukue mfano wa gunia la karafuu linalotoroshwa usiku kutoka Pemba kuelekea pwani ya Kenya. Karafuu za Zanzibar mnunuzi wake halali ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC), kwa hiyo gunia hilo ni magendo. Anayelikamata baharini huenda akawa askari wa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, ambacho ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Mtuhumiwa anakabidhiwa Polisi, na Polisi ni wa Muungano, mkuu wao ni Inspekta Jenerali anayeteuliwa na Rais wa Tanzania. Jalada linakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, ambaye si yule wa Bara. Kesi inasikilizwa na mahkama ya Zanzibar kwa sheria iliyopitishwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Akitiwa hatiani anapelekwa Chuo cha Mafunzo, ndivyo magereza yanavyoitwa Visiwani, na hayo ni ya SMZ. Akikata rufaa hadi ngazi ya mwisho, anasimama mbele ya majaji wa Mahkama ya Rufani ya Tanzania, chombo cha Muungano.

Serikali mbili zimempokezana mtu mmoja mara tatu, na hakuna aliyekosea njia. Ndivyo ilivyopangwa.

Watu wengi huieleza Zanzibar kwa kutaja ofisi zake: ina rais, ina baraza la kutunga sheria, ina mahkama, ina bendera, ina wimbo. Yote kweli, na yote hayasaidii sana. Ukitaka kujua nani mwenye kauli juu ya jambo fulani Unguja au Pemba, ofisi hazitakuambia. Kitakachokuambia ni orodha moja iliyowekwa nyuma kabisa ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Nyongeza ya Kwanza, yenye mambo 22. Lililomo humo ni la Muungano, lisilokuwemo ni la Zanzibar. Kwa maandishi ni rahisi hivyo.

Orodha ya mambo 22

Julius Nyerere wa Tanganyika na Abeid Karume wa Zanzibar walipotia saini Hati za Muungano tarehe 22 Aprili 1964, siku chache baada ya Mapinduzi ya Januari 12 kutimiza miezi mitatu, walikubaliana mambo 11 yawe ya pamoja: katiba na serikali ya Muungano, nchi za nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, mikopo na biashara ya nje, utumishi wa Muungano, kodi ya mapato na ushuru wa forodha, na mwisho bandari, anga, posta na simu. Mengine yote Zanzibar ilibaki nayo.

Orodha haikukaa hapo. Sarafu na benki kuu ziliongezwa katikati ya miaka ya 1960, baada ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki kufikia mwisho. Mafuta na gesi asilia yaliingia 1968. Ilipovunjika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, mahakama ya rufani iliyokuwa ya Jumuiya ilihitaji mrithi, na mrithi akawa wa Muungano. Elimu ya juu, Baraza la Mitihani, utafiti, utabiri wa hali ya hewa na takwimu navyo vikapata nafasi. La 22 ni uandikishaji wa vyama vya siasa, lililoingia 1992 vyama vingi viliporudi. Nyongeza hizi zilipita katika Bunge la Muungano, na ndiyo maana Mzanzibari mwenye manung'uniko juu ya Muungano mara nyingi huanza na hesabu: tulikubaliana 11, imekuwaje 22?

Tazama sasa yasiyokuwemo. Afya haimo. Elimu ya msingi na sekondari haimo, ndiyo maana mtoto wa Unguja husoma "skuli" yenye mtaala wa wizara ya Zanzibar, kisha akifika kidato cha nne anafanya mtihani wa Baraza la Taifa la Mitihani, ambalo ni la Muungano. Kilimo, ardhi, utalii, maji, barabara, serikali za mitaa, vyote vya Zanzibar. Ardhi hasa ni jambo zito. Tangu Mapinduzi ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya serikali, wananchi wengi waligaiwa ekari tatu tatu, na utaratibu wa kuimiliki hauhusiani hata kidogo na sheria za ardhi za Bara.

Michezo nayo haimo, na hapo ndipo mtu wa mpira anapokutana na katiba bila kutarajia. Zanzibar ina shirikisho lake la soka, ina ligi yake, inapeleka klabu zake mashindano ya Afrika, na timu yake ilichukua kombe la CECAFA mwaka 1995. Machi 2017 shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliipa uanachama kamili. Julai mwaka huohuo likauondoa kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi inayojitegemea kimataifa. Ndani ya Tanzania michezo si jambo la Muungano, lakini ulimwengu wa nje haugawi mambo kwa orodha yetu. Hadithi kama hiyo ilitokea mapema zaidi kwa uzito mkubwa: Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, OIC, na mwaka uliofuata ikalazimika kujitoa, kwa sababu mambo ya nje yamo katika orodha tangu siku ya kwanza.

Orodha pia haitekelezwi kama ilivyoandikwa. Bandari ni jambo la Muungano tangu 1964, lakini Bandari ya Malindi iko chini ya Shirika la Bandari la Zanzibar, na Mamlaka ya Bandari Tanzania haina kazi pale. Usafiri wa anga ni wa Muungano, na kweli usalama wa anga husimamiwa na mamlaka ya Muungano, lakini kiwanja cha Abeid Amani Karume kiko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Takwimu ni za Muungano, na Zanzibar ina ofisi yake ya mtakwimu mkuu. Mafuta na gesi yamo kwenye orodha, ila baada ya mvutano wa miaka mingi, sheria ya petroli ya Bunge ya mwaka 2015 iliiachia Zanzibar isimamie ya kwake, na mwaka 2016 Baraza la Wawakilishi likatunga sheria yake. Jambo bado limo katika orodha. Kilichobadilika ni nani analishika. Mwanasheria mkali atasema huu ni mkanganyiko. Mimi naona ndiyo njia pekee iliyofanya mambo yasonge, maana kuigusa orodha yenyewe kunahitaji theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wote wa Zanzibar, wakihesabiwa mbalimbali.

Rais, makamu wawili na Baraza la Mapinduzi

Kwa miaka 15 ya mwanzo Zanzibar haikuwa na katiba. Ilitawaliwa kwa dikrii, na Baraza la Mapinduzi lilikuwa serikali na mtunga sheria kwa pamoja. Katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ilikuja 1979, chini ya Aboud Jumbe, na Januari 1980 Baraza la Wawakilishi likafanya kikao chake cha kwanza. Katiba inayotumika leo ni ya 1984, iliyorekebishwa mara nyingi.

Jina la Baraza la Mapinduzi limebaki, kazi imebadilika. Leo ndilo baraza la mawaziri la Zanzibar: Rais ni mwenyekiti, wajumbe ni makamu wake, mawaziri na wengine anaowateua. Msomaji wa Bara anayesikia "Baraza la Mapinduzi limekaa" asidhani kuna jambo la kijeshi. Ni kikao cha mawaziri.

Rais wa Zanzibar huchaguliwa na Wazanzibari peke yao kwa kipindi cha miaka mitano, si zaidi ya vipindi viwili. Ndani ya mambo yasiyo ya Muungano anatawala kweli: anateua mawaziri, majaji, wakuu wa mikoa na wilaya, makatibu wakuu. Ana vikosi vyake pia, ambavyo katiba inaviita Idara Maalum: KMKM tuliyoitaja, Jeshi la Kujenga Uchumi (JKU), Kikosi cha Valantia (KVZ), Zimamoto na Uokozi, na Chuo cha Mafunzo. Lakini hana amri juu ya jeshi la Muungano, JWTZ, wala Polisi, hata ndani ya Unguja na Pemba. Upande wa pili, kwa wadhifa wake ni mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano, na kabla ya kuanza kazi huapa pia kuilinda Katiba ya Muungano.

Zamani alikuwa zaidi ya hapo. Hadi uchaguzi wa 1995, Rais wa Zanzibar alikuwa moja kwa moja Makamu wa Rais wa Tanzania. Vyama vingi vilipokuja, watu wakauliza: itakuwaje Zanzibar ikichukuliwa na chama kingine? Marekebisho ya 1994 yakaleta mgombea mwenza. Rais wa Muungano akitoka upande mmoja, makamu wake atoke upande wa pili. Kwa utaratibu huo Samia Suluhu Hassan, Mzanzibari, aliingia Ikulu ya Muungano Machi 2021 alipofariki John Magufuli. Faida yake inaonekana. Hasara yake, ambayo Wazanzibari wengi huitaja, ni kwamba rais wao alishuka kutoka nafasi ya pili ya nchi hadi kuwa mjumbe mmojawapo katika kikao cha mawaziri. Makamu wa Rais kutoka Zanzibar ni Mzanzibari, sawa, lakini hawakilishi serikali ya Zanzibar na hawajibiki kwake.

Sehemu ngeni zaidi ya muundo huu ilizaliwa 2010, na haieleweki bila kujua kura zilivyokuwa. Mwaka 1995 Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF, chama cha upinzani. Nusu ya nchi ilitawala, nusu ilikaa nje, na kila uchaguzi ulifuatiwa na migogoro, mingine ya damu, kama Januari 2001. Miafaka miwili, ya 1999 na 2001, haikutibu. Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana ana kwa ana na kupatana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo.

Marekebisho ya kumi ya katiba yakafuata upesi. Cheo cha Waziri Kiongozi, aliyekuwa kama waziri mkuu wa Zanzibar, kikafutwa, wakaja makamu wawili. Makamu wa Pili hutoka chama cha Rais na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali barazani, kwa ufupi ndiye aliyerithi kazi za Waziri Kiongozi. Makamu wa Kwanza hutoka chama kilichoshika nafasi ya pili, na mawaziri hugawanywa kwa uwiano wa viti. Kwa cheo wa Kwanza yuko juu. Kwa kazi, mkono wenye nguvu ni wa Pili. Ofisi ya Makamu wa Kwanza imekuwa ikishughulikia mambo kama mazingira, UKIMWI na watu wenye ulemavu. Ni kazi za maana, ila hakuna bajeti ya barabara humo, wala uteuzi wa wakuu wa mikoa. Anayeitazama serikali hii kama ya kugawana madaraka nusu kwa nusu anajidanganya. Ilichogawa ni nafasi ya kukaa mezani.

Hata hiyo nafasi ina sharti. Chama cha pili lazima kifikie asilimia 10 ya kura za urais. Oktoba 2010 Dkt. Ali Mohamed Shein alipata 50.1, Maalim Seif 49.1, na mpango ukafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, Shein akapata asilimia 91.4, na aliyemfuata karibu asilimia 3. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu miaka minne na zaidi, na hakuna kifungu kilichovunjwa. Katiba inasema muundo wa serikali ni wa umoja wa kitaifa. Haiwezi kumlazimisha anayeamua kutokuwemo. Baada ya uchaguzi wa 2020 Maalim Seif, sasa akiwa ACT-Wazalendo, alikubali kuapishwa Desemba, akafariki Februari 2021, na nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman.

Chukwani

Baraza la Wawakilishi linakaa Chukwani, nje kidogo ya Mji. Lina wawakilishi wa majimbo 50, wanawake wa viti maalum kwa kiwango cha asilimia 40 ya viti vya majimbo, wateuliwa wa Rais hadi 10, Mwanasheria Mkuu, na Spika kama hakutoka miongoni mwao. Hupitisha bajeti ya SMZ na kuhoji mawaziri wa SMZ. Hayo ni ya kawaida ya mabaraza yote.

Lisilo la kawaida ni kifungu cha 132 cha Katiba ya Zanzibar. Sheria ya Bunge la Dodoma haitumiki Zanzibar mpaka iwe inahusu mambo ya Muungano, na hata ikiwa inahusu, lazima iwasilishwe mbele ya Baraza la Wawakilishi na waziri anayehusika. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliundwa kwa sheria ya 2001 na kuanza kazi Bara. Zanzibar haikuingia mpaka miaka kadhaa baadaye, sheria yake ilipokubalika huku. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa ya Bara, haina mamlaka Visiwani, huku kuna ZAECA ya Zanzibar. Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Zanzibar ni mwingine, si yule anayetikisa magazeti ya Dar es Salaam kila Aprili.

Kuna upande wa pili wa shilingi hii unaowakera watu wa Bara. Majimbo hayohayo 50 huchagua pia wabunge 50 wa Bunge la Muungano, na Baraza hupeleka watano zaidi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar katika jumla ya milioni 61.7, yaani kama asilimia 3, huku majimbo yake yakikaribia moja kati ya kila matano. Wabunge hao wanapiga kura juu ya kilimo cha Bara na hospitali za Bara, mambo yasiyowafika wapiga kura wao. Mbunge wa Iringa hana kauli kama hiyo Chukwani. Sababu ni kwamba Tanganyika ilipoungana haikubaki na serikali yake. Serikali ya Muungano ndiyo inayofanya kazi za Bara pia. Waziri wa Afya anayekaa Dodoma anaitwa waziri wa Tanzania, lakini mamlaka yake yanaishia baharini.

Kura tano kwa siku moja

Siku ya uchaguzi mkuu, Mzanzibari hupiga kura tano: Rais wa Muungano, mbunge, Rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani. Mbili za kwanza husimamiwa na tume ya Muungano, tatu za mwisho na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, ZEC. Ili kupiga hizo tatu, lazima awe Mzanzibari mkaazi, hadhi yenye kitambulisho chake mbali na kile cha taifa cha NIDA.

Oktoba 2015 ilionyesha maana ya kuwa na tume mbili. Tarehe 28 mwenyekiti wa ZEC, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar wote. Kesho yake tume ya Muungano ikamtangaza Magufuli mshindi, kura za Zanzibar zikiwemo. Watu walewale, vituo vilevile, siku ileile: karatasi tatu zikawa batili, mbili zikasimama. Wabunge wa Zanzibar wakaapishwa Dodoma, wawakilishi wa majimbo hayohayo wakasubiri marudio. Kisheria inaelezeka, kila tume na mamlaka yake. Kwa mpiga kura aliyesimama foleni moja, maelezo hayo hayakutosha.

Mahkama

Zanzibar ina Mahkama Kuu yake na Jaji Mkuu wake, na chini yake mahkama za mikoa, wilaya na mwanzo. Sambamba zipo Mahkama za Kadhi kwa ndoa, talaka, mirathi na malezi ya Waislamu, na hizi ni mahkama za serikali kwa sheria, tofauti na Bara ambako suala la kadhi limekuwa mjadala usiokwisha. Rufaa hupanda hadi Mahkama ya Rufani ya Tanzania, isipokuwa mambo yaliyozuiwa, yakiwemo tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na yale yaliyoanzia kwa kadhi. Hayo huishia Mahkama Kuu ya Zanzibar.

Kesi moja inafaa kukumbukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watu 18 wa CUF walishtakiwa kwa uhaini dhidi ya Serikali ya Mapinduzi. Mwaka 2000 Mahkama ya Rufani iliamua, katika shauri la Machano Khamis Ali na wenzake 17, kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya SMZ, kwa kuwa Zanzibar si dola kamili. Dola ni Jamhuri ya Muungano. Washtakiwa wa upinzani waliokolewa na hoja ambayo Wazanzibari wengi, wa vyama vyote, hawakupenda kuisikia. Marekebisho ya 2010 yakaandika katika vifungu vya mwanzo kabisa vya Katiba ya Zanzibar kwamba Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Pia yakampa Rais wa Zanzibar uwezo wa kuigawa Zanzibar katika mikoa na wilaya, wakati Katiba ya Muungano inasema mwenye uwezo huo ni Rais wa Muungano baada ya kushauriana naye. Katiba hizo mbili zinasomeka hivyo hadi leo.

Fedha na masheha

Kwa fedha nitapita haraka, ingawa ndipo ugomvi mwingi ulipo. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), kodi nyingi za ndani na Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Kodi ya ongezeko la thamani Zanzibar kiwango chake cha kawaida ni asilimia 15, Bara 18. Mikopo ya nje hupitia Muungano. Misaada ya kibajeti Zanzibar hupewa asilimia 4.5, kiwango kilichowekwa miaka ya 1990 na ambacho kila Waziri wa Fedha wa Zanzibar amekiona kidogo. Katiba ya Muungano inataka Tume ya Pamoja ya Fedha na Akaunti ya Pamoja. Tume ilichelewa kuzinduliwa hadi 2003, na akaunti imekaa muda mrefu katika orodha ya kero za Muungano.

Chini kabisa kuna sheha. Zanzibar ina mikoa mitano, mitatu Unguja na miwili Pemba, wilaya 11, na chini yake shehia. Bara mwenyekiti wa kijiji au mtaa huchaguliwa na wakaazi. Sheha huteuliwa na mkuu wa mkoa kwa mapendekezo ya mkuu wa wilaya, ambao nao wameteuliwa na Rais. Huyu ndiye anayethibitisha kwamba wewe ni mkaazi wa hapo, na bila uthibitisho huo kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ni shida, na bila kitambulisho kura tatu kati ya tano zimekupita. Wanaojadili Muungano huutazama juu, kwa marais. Mwananchi wa Micheweni, Pemba, akiulizwa serikali iko wapi, atakuonyesha nyumba ya sheha.

Serikali mbili zikigombana, nani anaamua?

Kwa maandishi jibu lipo: Mahkama Maalum ya Katiba, iliyomo katika ibara za 125 hadi 128 za Katiba ya Muungano. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na Serikali ya Muungano, nusu na SMZ, na uamuzi hautoki mpaka theluthi mbili za kila upande zikubaliane. Mahkama hiyo haijawahi kukaa hata siku moja.

Aliyekaribia kuifikia ni Aboud Jumbe. Mwaka 1984 ilifahamika kwamba alikuwa ameandaa shauri la kutaka mahkama hiyo itafsiri muundo wa Muungano, kwa maoni yake wa serikali tatu. Jambo halikufika kwa majaji. Januari mwaka huo Halmashauri Kuu ya CCM ilikaa Dodoma, na Jumbe akajiuzulu urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa chama kwa mpigo. Hakuna kura iliyopigwa na Baraza la Wawakilishi, wala hakuna mahkama iliyoombwa kitu.

Hapo, katika vikao vya chama, ndipo penye jibu la kweli la swali hili kwa sehemu kubwa ya historia yake. Mgombea urais wa Zanzibar kwa tiketi ya CCM hupitishwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, ambayo wajumbe wake wengi ni wa Bara. Mwaka 2000 kamati maalum ya chama Zanzibar ilimweka mbele Mohamed Gharib Bilal. Dodoma ikamchagua Amani Abeid Karume. Hussein Ali Mwinyi naye, kabla ya kupitishwa huko 2020, alikuwa Waziri wa Ulinzi wa Muungano, jambo la tatu katika ile orodha.

Jaribio kubwa la kuyabadilisha yote haya lilikuwa la katiba mpya. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilipendekeza serikali tatu, Tanganyika ipate yake. Bunge Maalum la 2014 likarudisha mbili. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati huo alipiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu na akaondolewa kazini Oktoba mwaka huohuo. Ndiye Othman Masoud Othman aliyekuja kuwa Makamu wa Kwanza. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, na haijafanyika. Mpaka hapo kero za Muungano zinashughulikiwa na kamati ya pamoja ya serikali mbili, inayoongozwa na Makamu wa Rais wa Muungano. Haitoi hukumu. Wakikubaliana, mawaziri wa pande mbili hutia saini hati. Wasipokubaliana, hoja husogezwa kikao kijacho.